0.0 si sifuri: habari za bia isiyolewesha

Waungwana, leo tunapumzika kidogo na mambo ya seva na hifadhidata. Nataka kuzungumza juu ya bia. Ndiyo, bia, ila ile isiyolewesha, pamoja na jamaa zake wa kwenye glasi ndefu ambao wenye baa huwaita mokteli. Wale mnaokuja hapa kwa ajili ya Python msikimbie, maana tunaanza na hesabu.

Chukua lugha yoyote ya programu unayoipenda. Iambie ichapishe namba 0.04 kwa nafasi moja tu ya desimali. Utapata 0.0. Iambie ichapishe 0.05 na hapo utaanza kubishana na wenzako, kwa sababu jibu linategemea kanuni ya kukadiria iliyotumika. Kila mwanaprogramu amewahi kukesha usiku akitafuta shilingi moja iliyopotea kwenye hesabu za mteja, na mwishowe akagundua kwamba haikupotea, ilikuwa imejificha nyuma ya nafasi ya desimali ambayo skrini haikuonyesha.

Sasa nenda supamaketi, kwenye rafu ya vinywaji, ushike mkebe ulioandikwa 0.0%. Hiyo ni namba iliyochapishwa kwa nafasi moja ya desimali. Inakwambia kwamba kilichomo ni kidogo kuliko kinachoweza kuonekana hapo. Japani waliliona jambo hili mapema. Mwaka 2009 kampuni ya Kirin ilipoleta kinywaji chake kiitwacho Kirin Free, iliandika 0.00%, yaani iliongeza nafasi ya pili ili mnywaji apate uhakika zaidi. Mimi kama mtu wa kompyuta nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu ofisini. Vita vya soko vinapiganwa kwa nafasi za desimali!

Kwa nini nayajua haya yote? Mwaka 2019 gari la kuchangia damu lilisimama karibu na ofisi yetu hapa Nairobi, tukaenda timu nzima. Baada ya majuma kadhaa nikapigiwa simu nifike kuonana na mhudumu. Damu yangu haikuweza kutumika, ilikuwa na virusi vya homa ya ini aina B. Naandika wazi kwa sababu watu wengi wanaishi navyo bila kujua, na kupima ni rahisi. Daktari aliyenipokea, mama mmoja wa makamo, alitazama vipimo vya ini, akasema, “Ini lako bado zima, na mimi na wewe tutalilinda. Pombe iache. Sijasema uipunguze, nimesema uiache.” Nikamwuliza kuhusu hizo za 0.0. Akasema kwa hali yangu hazina neno, mradi nisome lebo na nisidanganywe na rangi ya mkebe.

Nisome lebo! Hilo ni agizo tamu kwa mtu ambaye kazi yake ni kusoma maelezo ambayo wengine huyaruka.

Kabla ya lebo, niseme jambo moja kuhusu maisha ya mwanaprogramu asiyekunywa. Tukiachilia toleo jipya siku ya Ijumaa (ndiyo, najua, Ijumaa haifai kuachilia chochote, lakini nani anamsikiliza fundi?), jioni tunaenda kula nyama choma. Kuna mikutano ya wanaprogramu ambako mdhamini huleta pitsa na kreti za bia. Mhudumu anapita kila mtu, “Baridi ama moto?” Akifika kwako unasema soda, naye anakuuliza mara ya pili kana kwamba hakusikia. Halafu anarudi na chupa ya rangi ya machungwa yenye mrija. Mtu mzima mwenye ndevu, na mrija.

Aibu inapita. Sukari haipiti. Soda ya kawaida hubeba takribani gramu 10 za sukari kwa kila mililita 100, kwa hiyo nusu lita ni kama gramu 50, karibu vijiko 12 vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu ya kumi ya nguvu tunayopata kwa siku, na kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama gramu hizo hizo 50. Wenzako wakinywa chupa nne na wewe ukawafuata kwa soda nne, umemeza vijiko karibu 50. Unaondoka baa ukiwa hujalewa lakini moyo unapiga ngoma. Bia ya 0.0 ina nafuu kwa upande huo: chupa ya mililita 330 ya Heineken 0.0, iliyoingia sokoni mwaka 2017, ina kalori 69.

Haya, turudi kwenye lebo.

Neno “isiyo na alkoholi” halina maana moja duniani. Ujerumani, bia inaweza kuitwa hivyo ikiwa na hadi asilimia 0.5. Marekani pia, kinywaji cha chini ya asilimia 0.5 kinaruhusiwa kuandikwa hivyo, lakini kuna neno la pili, kali zaidi, ambalo huwekwa tu pale ambapo vipimo havioni alkoholi kabisa. Uingereza, mwongozo wa serikali umeliweka neno lenye nguvu zaidi kwenye asilimia 0.05. Yaani mkebe ule ule ukisafiri kwa ndege unaweza kubadilika jina bila kufunguliwa.

Hiyo nusu asilimia ilitoka wapi? Sehemu kubwa ya jibu iko Marekani, mwaka 1919, bunge lilipopitisha sheria ya Volstead ya kupiga marufuku vileo. Ilibidi waseme kileo ni nini, wakachora mstari kwenye asilimia 0.5. Marufuku ikadumu kuanzia Januari 1920 hadi Desemba 1933, na viwanda vya bia vilivyotaka kubaki hai vikatengeneza vinywaji vya chini ya mstari huo. Marufuku ilikufa, namba ikabaki. Mtu yeyote aliyewahi kurithi programu ya zamani anaijua hali hii: kuna namba imeandikwa mahali, aliyeiandika hayupo tena, na hakuna anayethubutu kuigusa.

Asilimia 0.5 ni kubwa kiasi gani? Tupige hesabu. Tusker ya kawaida ina asilimia 4.2, na chupa ni mililita 500, kwa hiyo ndani mna mililita 21 za alkoholi. Nusu lita ya bia ya asilimia 0.5 ina mililita 2.5. Utahitaji chupa nane na zaidi kidogo ili kufikia Tusker moja, na mwili wako utakuwa umeshaimaliza ya kwanza kabla hujaifungua ya tano. Ile ya 0.0, tuseme imefika 0.05 kamili, ni robo mililita. Hapo utahitaji chupa 84. Tumbo litapasuka kabla kichwa hakijapata habari. Na kumbuka mkate, ndizi iliyoiva sana na hata maji ya matunda huwa na chembe za alkoholi, kwa sababu hamira hawaombi ruhusa.

Kwa dereva anayeogopa Alcoblow, au kwa mtu mwenye kazi saa mbili asubuhi, hesabu hizo zinatosha. Kwa mama mjamzito ushauri wa madaktari ni kutokunywa pombe kabisa, kwa hiyo hata nusu asilimia aizungumze na mkunga wake kwanza. Kwa ini langu, nimeshasema, daktari aliridhika. Kuna mtu mmoja ambaye hesabu hizi hazikumsaidia hata kidogo. Nitamfikia.

Kwanza niwaambie zinavyotengenezwa, maana hapa ndipo fundi ndani yangu hufurahi. Bia ni shayiri iliyoota ikakaushwa (kimea), ikalowekwa kwenye maji ya moto hadi ikatoa sukari, ikachemshwa na hopsi ili ipate uchungu, kisha ikapewa hamira. Hamira hula sukari na kutoa alkoholi na gesi. Ukitaka bia isiyolewesha una njia mbili kubwa: zuia alkoholi isizaliwe, au iache izaliwe kisha uiondoe.

Ya kwanza ni kama kukatiza programu kabla haijamaliza kazi. Unaipoza bia mapema hamira wasinzie, au unatumia aina ya hamira wasioweza kula maltosi, ambayo ndiyo sukari kuu ya kimea. Clausthaler ya Ujerumani, iliyoanza kuuzwa mwaka 1979, ilijengwa juu ya wazo la kuudhibiti uchachushaji. Ubaya wake ni kwamba sukari isiyoliwa inabaki, na ukizembea unapata kitu chenye ladha ya uji wa kimea.

Njia ya pili inahitaji fizikia, na Wakenya wa nyanda za juu tunaijua fizikia hiyo jikoni. Mpishi wa Mombasa akihamia Nairobi hushangaa maharagwe yanavyochelewa kuiva. Sababu ni kwamba Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na maji huchemka kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100. Mgandamizo wa hewa ukipungua, kila kitu huchemka mapema. Alkoholi huchemka kwenye nyuzi 78 pale pwani. Sasa weka bia ndani ya mtungi uliofungwa, nyonya hewa karibu yote, na alkoholi itaanza kutoka kama mvuke kwenye nyuzi 40 hivi, joto la maji ya kuoga. Bia haipikiki, ladha haiungui. Tatizo ni harufu nzuri, nayo hutoka pamoja na mvuke, ndiyo maana viwanda vikubwa huinasa na kuirudisha. Wengine hawatumii joto kabisa, husukuma bia baridi kupitia utando wenye vitundu vidogo mno, maji na alkoholi hupita, ladha na rangi hubaki, kisha wanaongeza maji. Guinness 0.0 huondolewa alkoholi kwa kuchujwa baridi.

Na hiyo Guinness 0.0 ina kisa kizuri kwa watu wa programu. Ilitangazwa Oktoba 2020 huko Uingereza na Ireland baada ya miaka ya maandalizi. Mwezi uliofuata ikaitwa irudi kutoka madukani kwa tahadhari, kwa sababu ya uchafuzi wa vijidudu, na ikarudi sokoni mwaka 2021. Kampuni iliyoanza kutengeneza bia mwaka 1759! Alkoholi, pamoja na maovu yake yote, ni mlinzi wa getini, huwafukuza vijidudu. Ukimwachisha kazi mlinzi, lazima ujenge ukuta. Usicheke kampuni nyingine ikirudisha toleo lake nyuma, leo kwao, kesho kwako :-)

Wazungu hawakuanza jambo hili. Sisi tulikuwa na majina yake kabla ya mikebe. Jirani zetu wa Tanzania wana togwa, kinywaji cha nafaka na kimea ambacho hupewa hata watoto, na ambacho kikiachwa siku zikapita kinageuka kitu kingine. Watu wa Pwani hutofautisha tembo tamu, yaani maji ya mnazi yaliyogemwa asubuhi hiyo, na tembo kali, ambayo ni maji yale yale baada ya jua kufanya kazi yake. Lugha yetu ilikuwa na namba za matoleo! Mgema hakuwa na haja ya lebo, alitazama saa. Na hata katika viwanda, mwaka 2008 East African Breweries ilipoleta Alvaro, kinywaji cha kimea kisicho na kileo, Coca-Cola nayo ilijibu kwa Novida. Soko lilikuwepo siku zote. Watu walitaka tu kitu cha kushika mkononi ambacho hakiwafanyi waonekane wamekuja kwenye sherehe ya mtoto.

Sasa yule mtu niliyeahidi kumfikia.

Kaka yangu mkubwa ni fundi wa mitambo. Mikono yake inaweza kusikia hitilafu ya injini kabla sikio lako halijaisikia. Pia kwa miaka mingi alikunywa mpaka tukazoea kulala na simu karibu na mto, tukingoja kuambiwa tumfuate mahali. Sitaeleza zaidi ya hapo, kisa ni chake. Mwaka 2022 alikaa miezi mitatu katika kituo cha kuwasaidia watu kuacha pombe, akatoka amepungua kilo na anacheka tena. Desemba hiyo tulikutana nyumbani Nakuru. Jioni nilikuwa nimekaa barazani na mkebe wangu wa 0.0. Akaja akakaa, akaugeuza mkebe, akausoma kama anavyosoma namba za kipuri.

“Hii ina nini ndani?”

“Sifuri nukta sifuri.”

“Kwa hiyo haina kitu.”

“Hailewesha, kaka.”

“Basi niletee moja.”

Hesabu zote nilizowaandikia hapo juu nilikuwa nazo kichwani. Chupa 84 kwa Tusker moja. Kwa hesabu, jibu lilikuwa ndiyo. Nikamwambia, kaka, tumpigie kwanza yule mshauri wako. Hakupenda, lakini akapiga yeye mwenyewe, akaweka sauti ya nje ili nami nisikie.

Mshauri hakuuliza asilimia. Alimwuliza, “Ukiufungua huo mkebe, mkono wako utakumbuka nini?”

Kaka alinyamaza muda mrefu. Mama ndani alizima redio, nadhani naye alikuwa anasikiliza. Kisha kaka akasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia kwake: “Mimi ladha ya bia sijawahi kuipenda, hata siku moja. Nilipenda ile sauti ya kufungua.”

Mshauri akasema wako watu waliopitia njia hiyo hiyo ambao hunywa hizi za 0.0 miaka na miaka bila shida, na wako ambao mkebe wa kwanza wa 0.0 uliwapeleka moja kwa moja kwenye mkebe wa asilimia tano wiki hiyo hiyo. Hakuna kipimo cha kujua mapema wewe uko kundi gani, na mtu aliye katika mwaka wake wa kwanza hana sababu ya kujaribu. Kisha akamtakia Krismasi njema.

Nilirudi Nairobi nikaanza kusoma, kama kawaida yangu. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, walichapisha utafiti wa wanaume 49 waliolazwa ndani ya mashine ya kupiga picha ubongo na kudondoshewa bia kidogo mdomoni, mililita 15 tu kwa muda wa dakika 15. Kiasi hicho hakiwezi kumlewesha mtu. Ladha peke yake ilitosha kuufanya ubongo utoe dopamini, ile kemikali inayosema “haya, zawadi inakuja”, kuliko kinywaji cha michezo walichopewa katika kipimo kingine. Na kwa wale waliotoka katika familia zenye historia ya ulevi, mwitikio ulikuwa mkubwa zaidi.

Someni tena sentensi hiyo ya mwisho. Familia zenye historia. Mimi na kaka tuna baba mmoja.

Wanaprogramu mnaelewa haraka. Kuna sehemu ya programu inayokaa kimya ikisubiri tukio fulani. Tukio likitokea, inaamka na kufanya kazi yake, iwe ujumbe uliokuja una kitu ndani au ni mtupu. Ule mkebe wangu ulikuwa ujumbe mtupu, lakini tukio ni lile lile: baridi ya mkebe, sauti, povu, uchungu wa kwanza kwenye ulimi. Asilimia iliyoandikwa kwenye lebo inajibu swali la ini na la askari wa barabarani. Swali la kaka lilikuwa jingine kabisa, na halina mahali pa kuandikwa kwenye mkebe.

Rafiki yangu wa Lamu, tunayekaa meza moja kazini, ana swali la tatu. Yeye ni Mwislamu na hagusi 0.0 wala 0.00. Siku moja nilimpigia ile hesabu ya chupa 84 na ndizi iliyoiva, nikidhani nimemfurahisha. Akanisikiliza hadi mwisho kwa adabu, akasema, “Hesabu yako sawa kabisa, lakini mimi sitaki kinywaji kinachoigiza kitu ambacho sikitaki. Kwetu harusi huchezwa hadi alfajiri kwa juisi na kahawa, na hakuna anayehisi amepungukiwa.” Huyu ndiye aliyenifundisha ukwaju, na ndiye aliyenifanya nihame kutoka kwenye mikebe kwenda kwenye majagi.

Hapa basi tuingie kwenye mokteli. Nyingi zinazouzwa Nairobi ni juisi mbili zilizochanganywa na sharubati nyekundu, kisha zikavalishwa mwavuli wa karatasi na bei ya kutisha. Zinashindwa kwa sababu aliyezitengeneza aliondoa alkoholi bila kujiuliza ilikuwa inafanya kazi gani mle ndani. Ilikuwa inafanya kazi nyingi. Inachoma koo kidogo, kwa hiyo mtu hunywa polepole. Ina uchungu unaozuia utamu usichoshe. Inakipa kinywaji uzito ulimini na inabeba harufu hadi puani. Ukiondoa kipande ambacho sehemu nyingine za programu zinakitegemea, lazima uandike kingine cha kujaza nafasi yake.

Kwa mchomo, tumia tangawizi, au pilipili kidogo. Kwa uchungu, maji ya toniki yenye kwinini, au maganda ya limau. Kwa ule ukavu unaokamata meno, hakuna kitu duniani kinachoshinda chai ya Kericho iliyokolezwa bila maziwa na kuachwa ipoe. Tunauza chai kwa dunia nzima halafu tunakwenda kutafuta ladha kwenye chupa za rangi! Uingereza kuna kampuni iitwayo Seedlip iliyoanza mwaka 2015 kwa kutonesha viungo na mimea kuwa kama jini isiyo na kileo, na mwaka 2019 Diageo ikanunua sehemu kubwa ya hisa zake. Wazo ni zuri, lakini karafuu na iliki za Pwani zinafanya kazi hiyo hiyo kwa bei ya matatu.

Tahadhari mbili kwa anayeagiza baa. Ya kwanza, matone ya Angostura. Wahudumu wengi huyatia kwenye mokteli bila kufikiri, na kile kichupa kina asilimia 44.7. Ni matone tu, lakini kama wewe ni kaka yangu au rafiki yangu wa Lamu, una haki ya kuulizwa. Ya pili ni dawa. Kenya tuna dawa mbili. Dawa ya mkahawani ni maji moto, tangawizi, limau na asali, unakunywa ukiwa na mafua. Dawa ya baa, ile iliyopata umaarufu katika mkahawa wa Carnivore hapa Nairobi, ni vodka, ndimu, barafu na kijiti chenye asali. Jina moja, vinywaji viwili. Taja waziwazi unayoitaka, maana mhudumu naye hasomi mawazo.

Na kwa wanaotengeneza tangawizi nyumbani, ukitia sukari na hamira ukaiacha chupani siku kadhaa, umetengeneza pombe, hata kama umeiita juisi.

Jagi letu ni hili. Kuna gramu 200 za tangawizi, chemsha na lita moja ya maji na karafuu nne kwa robo saa, chuja. Loweka gramu 100 za ukwaju kwenye maji moto, kamua, chuja, changanya. Ongeza kikombe kimoja cha chai nzito iliyopoa, maji ya ndimu nne, chumvi ya kushika kwa vidole viwili, na asali vijiko vinne vikubwa. Weka kwenye friji usiku mzima. Wakati wa kunywa, jaza nusu glasi, malizia na maji yenye gesi na barafu.

Mapishi haya ni huria. Watu wa programu huria kwa Kiingereza hupata shida, kwa sababu neno lao moja linabeba “bure” na “huru”, ndiyo maana Richard Stallman na wenzake walilazimika kueleza tofauti hiyo kwa mfano wa bia ya bure. Sisi Kiswahili kimetuokoa, tuna maneno mawili. Na mwaka 2004 huko Copenhagen wanafunzi wa chuo cha teknohama pamoja na kundi la wasanii la Superflex walichapisha mapishi ya bia chini ya leseni ya Creative Commons, wakaiita Vores Øl. Basi nami natoa la kwangu kwa masharti kama yao: tumia, badilisha, gawa, ila ukiboresha turudishie.

Maboresho ya kwanza yameshafika. Dada yetu mdogo alipoletewa mahari, Desemba 2023, kulikuwa na wazee kumi na majirani wasiohesabika, na kaka ndiye aliyesimamia vinywaji. Wageni waliotaka bia walipewa bia, kwenye hema la nyuma, na vijana wa mtaa. Yeye alikaa mbele na majagi matatu, akimimina. Hakuna vizibo, hakuna mikebe. Mzee mmoja alionja, akakunja uso, akauliza hii ina asilimia ngapi. Kaka akamwambia, “Mzee, hii haina lebo. Ongeza barafu.”

Jioni alinitumia ujumbe: asali ipunguzwe hadi vijiko viwili, na itiwe pilipili manga sita nzima wakati wa kuchemsha. Nimejaribu wikendi iliyofuata, na toleo lake ni bora kuliko langu.